Kete Nyeusi za Gombani

Jumatatu, mwezi 3 Mfunguo Saba, mwaka 1353

Karafuu zimeiva, na mie nimo ndani. Tangu nipate akili zangu sijakosa msimu hata mmoja, lakini mwaka huu nausikia kwa pua tu. Magharibi Shaame, mdogo wangu, kaleta pakacha la kwanza kutoka shamba akalimwaga ukumbini ili nichambue. Harufu ilipopanda nikamtafuta Matano kwa macho, maana kila mwaka yeye ndiye anayepiga chafya ya kwanza, kisha anajifanya ameshangaa.

Mume wangu huyo kafa mwezi uliopita kwa homa. Eda yangu itanichukua mpaka Rajabu. Marehemu baba alinifundisha kuandika ili ninakili nyiradi, na sidhani kama alikusudia upuuzi huu. Lakini mtu aliyezoea kuzungumza na mumewe kila jioni lazima apate pa kuyaweka maneno, la sivyo yatamchachia mdomoni.

Jumanne, mwezi 4

Nimechambua. Makonyo, vile vikonyo vyake, huku, karafuu kule. Vidole vinanuka.

Jumapili, mwezi 9

Kijakazi kaja kunisaidia kuchambua. Ni jirani yangu tangu tulipokuwa tukicheza kombolela, na ulimi wake haujapungua makali tangu siku hizo. Leo kaja na habari kutoka kwa watu wa gari la Wete.

"Yule Saifuddin wenu anafunga duka," akasema. "Anarejea kwao Bara Hindi. Meli yake ni Rajabu."

"Na kete?"

"Kete gani tena?"

Nilichambua vibaya mpaka akaninyang'anya ungo.

Naandika hapa ili niupoze moyo. Zamani, tulipokuwa bado wageni katika ndoa, Matano alikuwa Wete akimtengenezea Bwana Saifuddin rafu za duka. Muhindi yule Bohora alikuwa na ubao wa sataranji, na seremala wangu akarudi nyumbani na ugonjwa wa sataranji. Akachonga kete zake mwenyewe kwa mti wa mchungwa, wafalme, mawaziri, tembo, farasi, ngome na vitunda, askari wao wadogo. Zote zilikuwa nyeupe. Siku hiyo nilikuwa na chungu jikoni, natia ukindu rangi nyeusi kwa ajili ya mikeka, naye akaja nyuma yangu kama mwizi.

"Kazija, nichemshie nusu ya watu wangu."

Nikawachemsha. Farasi mmoja alinasa penye kigae ndani ya chungu, akatoka na baka jeupe shingoni. Matano alimgeuza geuza, akacheka mpaka machozi. "Huyu ndiye wako," akasema. Tangu siku hiyo ndani ya nyumba hii nyeusi ni zangu na nyeupe ni zake. Hatukubadilishana hata mara moja.

Nje ya nyumba alicheza na Saifuddin, mchezo mmoja kila mwaka, karafuu zikimalizika. Si kamari, Mungu apishe mbali. Kete hulala kwa mshindi kama amana mpaka msimu mwingine. Mshindi ndiye anayezibeba kwenda kwa mwenzake, na kwa kuwa yeye ni mgeni, hupewa nyeupe na kuanza. Mwenye nyumba hucheza nyeusi. Mwaka jana Matano alizibeba kwenda Wete, akashindwa, akarudi mikono mitupu na kilo ya tende. "Mwaka ujao atazileta mwenyewe," akaniambia.

Basi zipo Wete, na Wete inahamia Bara Hindi.

Jumatano, mwezi 12

Mvua ya ghafla. Shaame na vibarua waliziwahi karafuu zilizoanikwa. Mie nilisimama mlangoni napiga kelele tu kama kuku.

Jumapili, mwezi 23

Shaame kaenda Wete kwa shughuli zake, karudi na salamu. Alizisema kwa kunyoosha mgongo, kama anasoma hutuba:

"Bwana Saifuddin kasema, mwambie shemeji mchezo wa mwaka huu upo palepale. Nitakuja Gombani kabla ya meli. Akitokea mtu wa nyumba ile akanishinda, kete zinabaki. Asipotokea, nakwenda nazo, na nitazitunza kama macho yangu."

Macho yake! Nilikasirika hata nikatoka jasho. Mazikoni alikuja, ndiyo, akakaa na wanaume nje, akala, akaondoka. Hakusema neno juu ya kete. Sasa anataka kumchukua Matano amtie sandukuni pamoja na majora ya vitambaa.

Nguo za marehemu tumezigawa. Picha hakupiga maishani mwake. Mtoto hatukujaaliwa. Mikono yake imebaki mle tu, katika vipande vile vya mchungwa, na palipo na alama za patasi naweza kusema siku ile alikuwa na furaha au alikuwa amechoka. Nazitaka zirudi. Sitaki kitu kingine msimu huu.

Jumatatu, mwezi 24

Shaame anasema atacheza yeye. Aliwahi kumtazama Matano akicheza, ati inatosha.

Alhamisi, mwezi 27

Nimesuka kimkeka cha miraba, ukindu mweusi na mweupe, ukubwa wa ubao. Vitunda ni karafuu, mbichi kwa nyeupe na kavu kwa nyeusi. Mfalme ni kungumanga, waziri ni kokwa ya tende, tembo ni iliki, farasi ni mbegu ya ukwaju, ngome ni kipande cha mdalasini. Za upande wangu zisizokuwa karafuu nimezipaka masizi. Kijakazi kaingia akaangalia.

"Umeweka pilau ya nani hino?"

Nikamweleza. Akatikisa kichwa. "Mwenye eda na michezo, Kazija? Watu watasema."

"Watu wamekuja kunichambulia karafuu?"

Akakaa akachambua.

Ijumaa, mwezi 28

Nimemjaribu Shaame kwenye kimkeka. Alikuwa kashindwa kabla kahawa haijachemka. Akataka tena, akashindwa tena, na katika hasira zake akamtafuna tembo wangu.

"Dada," akasema mwisho, huku kinywa kinanukia iliki, "hivi Kaka Matano alikuwa akikushinda?"

"Akinishinda. Si sana."

Alinitazama kama kaniona leo. "Basi kwa nini nicheze mie?"

Jumatatu, mwezi 2 Mfunguo Nane

Sikulala vizuri kwa lile swali la Shaame. Mimi siwezi kutoka nje barazani kukaa na mwanamume, eda au si eda. Lakini sauti yangu haina miguu. Shaame akikaa nje na mgeni akasogeza kete, nami nikikaa ndani nyuma ya pazia na kimkeka changu nikamwambia la kufanya, kuna ubaya gani? Kijakazi kaenda kumuuliza mke wa Shehe. Alimwuliza kwa siri sana, ati kuna mwanamke mmoja yuko mbali, huko Makoongwe.

Alhamisi, mwezi 5

Jibu la Shehe limekuja. Maadamu hakuna kamari, sala hazipitwi na pazia lipo, yeye hana la kusema, ila kalichukia kidogo. Na mwisho kasema, "Mwambieni Kazija asimwache yule Bohora achukue farasi wake wa kulia mapema." Kumbe Shehe naye!

Kijakazi hajui asimame upande gani.

Mwezi 11

Karafuu, karafuu, karafuu.

Mwezi 12

Vivyo hivyo. Mgongo unauma.

Jumanne, mwezi 17

Kila jioni nacheza peke yangu, pande zote mbili. Zile nyeupe nazicheza kama Saifuddin, kwa yale Matano aliyonisimulia. Maana alikuwa akirudi kutoka Wete anakaa jikoni, ananichezea mchezo wote upya kwa maganda ya ndizi, hatua kwa hatua. "Hapa akafikiri sana, akavuta ndevu. Hapa akasema kwa Kihindi chao." Nilikuwa nikimwambia anipishe nipike. Leo ningemwacha wali uungue.

Nimeshangaa jambo moja. Ninapomcheza Saifuddin kwa muda mrefu, chuki inapungua. Hatua zake ni za mtu mwangalifu, mtu asiyependa kuumiza. Nikaona bora nisicheze sana upande wake.

Jumamosi, mwezi 28

Mvua, na homa kidogo. Kijakazi kanipikia uji, kanitukana mpaka nimeumaliza.

Jumatano, mwezi 9 Mfunguo Tisa

Karafuu zinaelekea mwisho. Shaame kapeleka majibu Wete: mtu wa nyumba yupo. Saifuddin kauliza ni nani. Shaame kasema, "Utamsikia."

Mdogo wangu huyu nilimwona mjinga maisha yangu yote. Sasa kila jioni anakaa mbele ya kimkeka anajifunza majina ya kete na njia zao, asije akanikosesha. Jana nilimsikia usingizini anasema "tembo kwa mshazari".

Alhamisi, mwezi 2 Rajabu

Kesho baada ya sala ya Ijumaa. Kijakazi kaniosha nywele kwa maji matupu, bila marashi, maana eda ni eda. Nasema ukweli, naogopa.

Ijumaa, mwezi 3 Rajabu

Nitaandika yote, hata mafuta ya taa yakiisha.

Alikuja na gari, kofia yake ya nyuzi za dhahabu kichwani, kisanduku kwapani. Nilimwona kwa upenyo wa pazia. Kazeeka. Ndevu zimekuwa nyeupe zote, na alipofika barazani akaweka kiganja ukutani, mahali ambapo Matano alikuwa akiegemea. Kisha akasema, "Hodi, shemeji. Pole tena."

"Karibu, Bwana Saifuddin. Tumeshapoa. Kaa ucheze."

Akamtazama Shaame, akalitazama pazia. Nadhani hapo ndipo alipofahamu. Hakucheka. Alisema tu, "Nyeupe ni za mgeni?"

"Kama siku zote."

Tukaanza. Yeye anasogeza, Shaame ananitajia kwa sauti, mimi naweka kokwa na karafuu zangu, kisha najibu. Majirani walijaa uani na barabarani, wamenyamaza kama wako darsani. Kijakazi alikuwa kando yangu ananipepea, nami simhitaji apepee.

Hatukwenda mbali. Shaame akasema, "Ngome yake imekuja mbele ya tembo wako, dada. Haina mlinzi." Nikadhani kakosea. Nikamwambia atazame tena. Akatazama. Kweli, ngome imesimama peke yake, mlangoni kwangu, kama kuku wa kitoweo.

Mwanzo nilifurahi. Halafu nikahisi uso unawaka. Saifuddin yule, ambaye mume wangu alicheza naye kwa miaka na miaka bila kuokota hata kitunda cha bure, leo asahau ngome? Ilikuwa sadaka. Ananipa pole kwa ngome, kisha atanipa kwa waziri, kisha atakwenda zake akijisifu kuwa kamtendea mjane wema.

"Bwana Saifuddin," nikasema, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Rudisha ngome yako."

"Kete ikiguswa imeguswa, shemeji."

"Hiyo hukuigusa, umeigawa. Rambirambi tulizipokea Mfunguo Sita. Mimi nina eda, sina ujinga. Rudisha, ucheze kama unavyocheza na Matano, au funga kisanduku uende nacho Bara Hindi na nisikuone tena."

Kijakazi akaacha kupepea. Kisha nikamsikia mzee yule anavuta pumzi.

"Nisamehe," akasema. "Nilidhani ni wema. Shaame, irudishe ngome."

Na kuanzia hapo alinicheza kweli. Mungu wangu, alinicheza! Alinibana upande wa kulia, akachukua tembo wangu, akachukua kitunda, kisha kitunda kingine. Waziri wake alizunguka nyuma ya watu wangu kama mwenye nyumba. Niliona kete zinakwenda. Niliona kisanduku kinafungwa. Nilijilaumu kwa ile ngome, na hapo hapo nikajua kuwa ingerudi ningeikataa tena.

Ndipo mvua ikaja. Si manyunyu, ni ile ya kumwaga kwa ndoo, na majamvi mawili ya karafuu za mwisho yalikuwa wazi kule nyuma ya nyumba. Shaame akaruka. Majirani wakaruka. Kijakazi akatupa kipepeo akapitia mlango wa uani. Na Saifuddin, mzee mwenye kofia ya dhahabu, mwenye meli wiki ijayo, alikunja suruali akakimbia nao. Nilimwona kwa dirisha la nyuma kapiga magoti matopeni, anazoa karafuu kwa mikono miwili na kuzitia ndani ya kofia yake.

Hasira zangu zote ziliniisha kwa kofia ile.

Barazani hakukuwa na mtu. Ubao ulikuwa palepale chini ya paa, hatua moja kutoka kwenye pazia. Nikalisogeza pazia. Nilikuwa sijaziona tangu mwaka jana. Zilikuwa zimepakwa mafuta, zinang'aa, Saifuddin kazitunza. Nikanyoosha mkono nikamgusa farasi wangu mwenye baka, kwa kidole tu, sikumsogeza. Patasi ilikuwa imeteleza kidogo pale chini ya sikio. Naikumbuka siku ile, Matano alijikata akanyonya kidole, akasema farasi kaonja damu yake.

Na kwa kuzitazama zile zenyewe, wala si kokwa na mbegu, nikaona. Mfalme mweupe alikuwa konani, vitunda vyake viwili vimesimama mbele yake, ngome iko karibu, na farasi wangu kanyemelea mpaka pale. Saifuddin alikuwa kaniandama mpaka kasahau kumwachia mfalme wake pa kupumulia.

Nikarudisha pazia. Wakarudi wanatona maji. Saifuddin akaikung'uta kofia, akakaa, akasema, "Zamu ya nani?"

"Yangu," nikasema. "Shaame, mchukue waziri. Mweke ubavuni kwa mfalme wake, mlemle konani. Shaha, mfalme hatarini!"

Shaame akasita. "Dada, waziri ataliwa."

"Mweke."

Akamweka. Mfalme asingeweza kumla, farasi alikuwa anamlinda. Ilibidi ngome imle, na ikimla inakaa yenyewe kumziba bwana wake njia ya mwisho. Nilimsikia Saifuddin anasema taratibu kwa Kihindi chao. Kisha akasema kwa Kiswahili, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Hii naijua. Hii ni hatua ya Matano. Alinifunga hivi mwaka ule wa karafuu nyingi. Shemeji, nimeisikia sauti yake."

"Hapana," nikasema. "Hii ni yangu. Nilimfunga nayo jikoni, nikiwa nakuna nazi, naye akaja kukufunga nayo Wete."

Halafu akaanza kucheka, mzee yule, akacheka mpaka majirani wakacheka bila kujua kwa nini. "Basi miaka yote," akasema, "nilikuwa nikishindwa na watu wawili!"

Ngome ikamla waziri wangu. "Farasi mwenye baka," nikamwambia Shaame, "aruke ubavuni mwa vitunda vyake." Akaruka. Mfalme mweupe hakuwa na pa kwenda, kazungukwa na watu wake mwenyewe. Saifuddin alimlaza ubaoni kwa kidole kimoja, kwa heshima.

Nyeusi zimeshinda. Nilitaka kupiga kigelegele, Kijakazi akaniziba mdomo kwa mkono wenye matope, halafu akakipiga yeye.

Kabla hajaondoka mzee akaja karibu na pazia. "Nina ombi, shemeji. Nipe kile ulichochezea humo ndani. Nataka nikichezee njiani."

Nikakikunja kimkeka na viungo vyake vyote ndani, nikampitishia Shaame. Mzee alikinusa.

"Meli nzima itadhani nimebeba pilau," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Nilimpenda sana Matano."

"Najua," nikamwambia. "Alikuwa akinionyesha hatua zako kwa maganda ya ndizi."

Jumatano, mwezi 8

Shaame kampeleka Saifuddin bandarini. Kasema mzee alikaa juu ya sanduku lake, kimkeka mapajani, anacheza peke yake pande zote mbili.

Jumatano, mwezi 15 Rajabu

Eda imekwisha. Nimeoga, nimevaa kanga mpya aliyoninunulia Shaame, rangi mbaya kabisa, na nimelia kwa ajili ya kanga. Majamvi yamekunjwa, hakuna karafuu popote. Msimu umepita nami nilikuwemo ndani yake, kumbe.

Alasiri nilikaa ukumbini, mlango wazi, nikazipanga kete. Nyeusi upande wangu. Nyeupe upande wake. Kijakazi akaja, akakaa pale bila kukaribishwa, akanyoosha mkono kwa mfalme mweupe. Nilitaka kuupiga mkono ule. Hakuna mtu aliyezigusa nyeupe ndani ya nyumba hii ila Matano.

"Nifundishe," akasema. "Nimechoka kukupepea."

Nikamezea. "Mgeni ndiye anayeanza," nikamwambia.

Akafikiri sana. Akavuta mtandio. Kisha akakishika kitunda cha pembeni kabisa, kile ambacho Matano asingekigusa mwanzo wa mchezo hata angelazimishwa, akakisukuma kwa nguvu mpaka kikaanguka. Nikacheka. Nikacheka mpaka nikalia, nikalia kweli, kichwa juu ya magoti, na Kijakazi akapiga makofi, akadhani keshanishinda.